Magodoro Yasiyo na Baba

Jumatatu, 4 Machi

Leo yameingia magodoro ishirini na moja, na moja lina mimba. Kweli! Limefura katikati, limekaa kimya, halitaki maswali. Tumelipasua kwa heshima zote. Ndani kiatu kimoja cha kike, meno ya bandia ya juu, na soksi kumi na tatu, hakuna mbili zinazofanana. Bi Mkasi kasema mwenye nyumba lilikotoka miaka yote alikuwa anamsaka mwizi, kumbe anamlalia.

Bi Mkasi ndiye mpasuaji mkuu. Mjane, mikono ya kubebea magunia, ulimi mrefu kuliko kisu chake. Yeye anachana, mimi nachambua: springi huku, sponji kule, kitambaa kwenye gunia. Springi zinakwenda kuyeyushwa. Sponji inasagwa, inakuwa kitu cha kutandika chini ya zulia. Kitambaa kinakwenda gereji kupangusia mafuta. Hakuna kinachotupwa hapa ila harufu.

Karakana ni ya binti yangu. Akiwa mbali namwita Mkurugenzi. Akiwa karibu namwita mama.

Daftari hili tumepewa bure na watu wa gereji, lina tarehe zake zimeshachapwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kitu cha bure chenye tarehe — dhambi kukiacha kitupu.

Yale meno nimeyajaribu. Hayanikai.

Jumanne, 5 Machi

Binti yangu kaingia anapunga barua hewani, karibu ajikwae kwenye marobota. Sheria mpya! Kaisoma yote mpaka mhuri. Maneno mengi, lakini niliyoelewa ni haya: aliyelitengeneza godoro ndiye wa kulizika. Huwezi tena kuuza godoro ukanawa mikono. Likichoka, kiwanda kilichukue chenyewe, au kimlipe fundi wa kulichambua. Na fundi ni sisi.

Nimeipenda sheria hii. Ukizaa, ulee. Nani kasema watoto ni wa watu tu?

Kesho kutwa anakuja mama wa ofisi ya mazingira, pamoja na mtu wa kile kiwanda kikubwa cha kule mlimani. Nusu ya mji huu imelala juu ya magodoro yao. Wataangalia mlima wetu wa nyuma, magodoro mia nne na kumi na mawili, ambayo mpaka sasa hayana mwenyewe. Kiwanda kikikubali kwamba ni yake, karakana inaandikishwa na kazi tunayo mpaka tuzeeke. (Mimi nimeshatangulia.) Kikikataa, mlima ni mzigo wetu. Na watu wa zimamoto walishamwambia binti yangu: mlima ule uondoke kabla mwezi haujaisha, la sivyo wanafunga geti.

Kile kiwanda nakijua. Miaka thelathini na moja nilikaa pale nikishona kingo. Waliponistaafisha walinipa mkono na saa ya ukutani isiyotembea. Sasa wanalazimishwa kuwachukua wazee wao! Nimemwuliza binti yangu kama na mimi nimo kwenye hiyo sheria. Kasema mimi sina lebo.

Alhamisi, 7 Machi

Afadhali ningekuwa mgonjwa leo.

Walikuja saa nne. Mama wa mazingira mfupi, kavaa buti, anauliza maswali machache na kusikiliza yote. Mtu wa kiwanda kijana wa makamo, kalikumbatia faili kifuani kama mtoto anayenyonya. Nimempa jina palepale: Bwana Faili. Kaniamkia vizuri, siwezi kumsingizia.

Tukaenda nyuma, bandani. Bwana Faili kainua kona ya godoro la kwanza. Kainua la pili. Kafika la kumi, kageuka. Kauliza lebo ziko wapi.

Hazipo. Kila kona imekatwa, pamebaki kitundu kidogo safi, kama meno yaliyong'olewa na daktari mmoja.

Bwana Faili akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma bei ya sukari: "Kisicho na lebo si chetu."

Binti yangu akawageukia wafanyakazi, akauliza nani kakata lebo zote hizi. Bi Mkasi akatazama dari. Wote wakatazama dari. Na mimi nikatazama dari, nikiona pengine kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

"Ni mimi, mama."

Ni mimi. Miaka miwili iliyopita gereji walilalamika lebo ngumu, zinakwaruza magari ya watu. Nikatunga amri yangu mwenyewe: godoro likiingia getini, kwanza lebo, kama mgeni anavyovuliwa kofia. Kila mtu akafuata. Mkurugenzi mwenyewe alinisifu, kasema Baba una akili ya kazi.

Mama wa mazingira akauliza, je, hizo lebo zimewekwa mahali? Hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Maana lebo inashika moto vizuri kuliko karatasi. Ndizo ninazowashia jiko la chai kila asubuhi. Miaka miwili tunakunywa chai iliyochemshwa kwa majina ya baba zao.

Mama wa mazingira alikohoa, nafikiri alikuwa anacheka. Bwana Faili aliandika. Binti yangu aliwasindikiza mpaka getini, akarudi, akashika kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Chai haina sukari. Nimeelewa.

Jumamosi, 9 Machi

Chai haina sukari tena. Na kikombe ni kile chenye ufa.

Wakati wa mapumziko Bi Mkasi kaja kukaa karibu yangu juu ya robota. Kanitazama weee. Halafu kaanza: eti mzee mzima, miaka thelathini na moja umekula mshahara wa kiwanda, leo unakaa umeinama kama kuku aliyenyeshewa. Godoro ulilolishona kwa mkono wako huwezi kulitambua mpaka likuonyeshe cheti?

Nikamwambia mimi nalitambua hata gizani. Kasema usinionyeshe ubingwa wa gizani mimi, kamwambie binti yako.

Nikaenda. Binti yangu alikuwa anafunga marobota kwa seng'enge, hakuinua kichwa. Nikasema magodoro ya kile kiwanda nitayatambua yote, moja moja, lebo iwepo isiwepo. Nikilala juu yake dakika moja, najua. Wamlete nani wamlete, wanifunge macho wakitaka.

Kavuta seng'enge mpaka ikalia. Kisha kaniuliza polepole: "Baba, unaweza kweli, au unataka tu niache kukununia?"

Nikamwambia yote mawili.

Hakucheka. Lakini nilimwona ametia shavu ndani, analiuma. Tabia ya marehemu mama yake. Mama yake akiuma shavu, ujue nusu ya vita umeshinda.

Jumatatu, 11 Machi

Kampigia simu mama wa mazingira. Nilikaa nyuma ya mlango, si kusikiliza, nilikuwa napumzika hapo. Mama yule kacheka kwanza, cheko la tumbo, mpaka mimi huku nikalisikia. Halafu kasema sheria haisemi lebo tu. Inasema "kwa lebo au kwa ushahidi mwingine wa kuaminika". Mzee akiwa wa kuaminika, ni ushahidi.

Mimi! Wa kuaminika! Bi Mkasi kaomba aandikiwe kwenye karatasi na mhuri.

Wamekubaliana hivi. Alhamisi kiwanda kinaleta magodoro kumi, mengine yao, mengine ya watu wengine, yote yamefunikwa shuka. Bwana Faili anaandika orodha ya ukweli, anampa mama wa mazingira kwenye bahasha. Mimi nafungwa macho. Naruhusiwa kulala, kupiga, kunusa. Kupasua hapana. Nasema lenu au si lenu, basi. Bwana Faili alitaka nisikose hata moja. Binti yangu aliomba makosa matatu. Mama wa mazingira kaamua: moja linasamehewa. La pili, ushahidi wangu umekufa, mlima unabaki kuwa wetu, geti linafungwa.

Nikifaulu, nitapita mlima mzima, mama wa mazingira kando yangu na kalamu, na nitakachosema ndicho kitakachoandikwa.

Kulala kitandani kwa kazi ya serikali! Ningejua hivi nisingehangaika na sindano ujana wangu wote.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi. Bi Mkasi kanifunga macho kwa kitambaa cha mto, kakaza kama anafunga gunia la mkaa. Nikamwambia taratibu bibi, hiki ni kichwa. Kasema alikuwa hajapata uhakika.

Magodoro sita ya kwanza nimepata manne tu. Binti yangu alikuwa anatazama kutoka ofisini, akafunga dirisha.

Tatizo ni vidole. Nilikuwa najidai nitazijua kingo kwa kugusa. Lakini vidole hivi vimedungwa sindano mara nyingi mno, vimekufa ganzi. Kwangu mimi kingo zote sasa ni kamba tu. Nikakaa pale chini nimefungwa macho, nikaogopa. Siyo kwa ajili yangu. Ile karakana binti yangu aliianza na kisu kimoja na uwanja wa kuazima, watu wakamcheka, wakamwita malkia wa kunguni. Na mimi nikamchomea baba za magodoro kwa kikombe cha chai.

Bi Mkasi kasema acha vidole, hukusema utalala? Lala basi.

Nikalala. Nikatulia. Na mgongo ukanena!

Sitaandika kwa kirefu. Naam, nitaandika, nani atasoma? Mashine ya springi ya kile kiwanda ina kilema. Ilikuwa jirani yangu miaka yote ile. Kila springi ya saba inatoka fupi, imepungukiwa mzunguko mmoja. Tuliwahi kumwambia foromeni. Akasema iacheni, mnunuzi analala, hahesabu. Kwa hiyo godoro lao lina vishimo vidogo vinavyokwenda mshazari, kutoka bega mpaka kiuno. Mwenye mgongo ulionona hasikii. Mimi nimebaki mifupa, nasikia kimoja kimoja kama ngazi.

Nimerudia yote sita. Nimepata sita. Na mengine sita. Sita!

Sijamwambia mtu siri yenyewe, hata binti yangu. Bwana Faili akipata harufu yake ataniletea magodoro ya sponji tupu, nitabaki naelea.

Bi Mkasi kajitolea kukohoa Alhamisi: mara moja lenu, mara mbili si lenu. Nimekataa. Kwanza ni wizi. Pili, yule kwa vumbi hili anakohoa mchana kutwa, angenipeleka jela.

Jumatano, 13 Machi

Chai ina sukari! Vijiko viwili, na kikombe kizima. Nimekunywa taratibu ili isiishe.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika katikati ya mtihani. Nimekaa juu ya godoro namba tisa na sinyanyuki. Nitaeleza.

Wamekuja saa tatu na lori. Magodoro kumi yamepangwa uwanjani kama wodi ya hospitali, mashuka meupe, namba za karatasi. Wafanyakazi wote wameacha kazi. Gereji nzima imehamia ukutani kwetu. Bwana Faili kanifunga macho mwenyewe, kwa ustaarabu, kaniuliza kama inaniumiza. Nikamwambia amemshinda Bi Mkasi.

Namba moja. Nimelala, nimehesabu ngazi. Lenu. Mama wa mazingira kasema sahihi. Namba mbili, nimeinusa tu, ile gundi ya samaki ya wale wa ng'ambo ya reli, nani asiyeijua? Si lenu. Sahihi. Namba tatu lenu, sahihi. Watu wa gereji wakaanza kupiga makofi, binti yangu akawanyamazisha.

Namba nne. Aibu. Sijui niandike vipi. Namba nne lilikuwa godoro zuri. Laini, limenipokea, jua la asubuhi usoni, na usiku nilikuwa sikulala vizuri kwa mawazo — nikalala. Nikalala kabisa! Nikaota niko kiwandani, foromeni ananidai overtaimu. Kumbe binti yangu ananivuta mguu, watu wanauliza, mzee vipi, lenu au si lenu? Mimi bado niko na foromeni. Nikajibu: "Lenu!"

Si lao.

Bi Mkasi alisema neno ambalo sitaliandika kwenye daftari lenye tarehe.

Basi kosa langu la msamaha likaisha hivyo, kwa usingizi. Kuanzia hapo niliomba nilale macho wazi ndani ya kitambaa. Tano, sahihi. Sita, sahihi. Saba, sahihi. Nane nilichelewa, godoro lilikuwa limelegea, nikageuka upande, nikarudi, nikalipata. Sahihi.

Tisa.

Nimelala. Bega — kishimo. Mbavu — kishimo. Kiuno — kishimo. Mshazari safi kama nimeuchora mimi. Nikasema lenu, na nikasema kwa sauti, maana sikuwa na shaka hata chembe.

Karatasi ikageuzwa, ikageuzwa tena.

Mama wa mazingira kasoma orodha. Kasema namba tisa imeandikwa si lao. Ni la kampuni nyingine, ile mpya ya bei poa inayouzwa kwenye vibanda vyote.

Nilimsikia binti yangu akikaa chini. Hakukaa juu ya kitu, alikaa chini. Nikavua kitambaa mwenyewe bila ruhusa. Nikamwona kashika magoti, ananitazama, na wala hakunikasirikia. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Kama angenuna ningevumilia.

Basi siri nikaitoa yote. Nikamwambia mama wa mazingira habari ya mashine, kilema, ya saba fupi, foromeni na maneno yake. Nikasema mama, dunia nzima hakuna mashine mbili zenye kilema kimoja. Godoro hili limezaliwa mlimani kule, wakalibadilishia jina njiani ili likichoka lisiwe lao. Bwana Faili akatabasamu, akasema hizi ni hadithi za wazee.

Mama wa mazingira akasema jambo hili ni rahisi: lipasuliwe, springi zihesabiwe. Hajamaliza sentensi, Bi Mkasi ameshafika na kisu.

Hapo ndipo Bwana Faili alipokuja mbio akasimama mbele yake. Ujasiri huo! Mimi mbele ya Bi Mkasi mwenye kisu nisingesimama. Kasema hili ni godoro jipya, ni mali, lazima apige simu ofisini kwanza. Faili lake kalisahau juu ya mizani. Ametoka nje ya geti, namwona anazunguka lori, anaongea na simu, anajipangusa shingo. Hii ni raundi ya tano. Mama wa mazingira kasema tupumzike. Ndiyo nikatoa daftari kwenye shati.

Amerudi.

Kasema ofisi imeamua lisikatwe. Namba tisa liondolewe kwenye mtihani, lipakiwe, lirudi kiwandani. Tuendelee na namba kumi kama kawaida.

Mama wa mazingira akamtazama. Akauliza, taratibu kabisa: "La kampuni nyingine. Linarudi kwenu kufanya nini?"

Bwana Faili kawaita wapakizi wawili.

Wapakizi wamefika. Vijana wazuri, wameniambia shikamoo, nimeitikia marahaba, nikabaki palepale; godoro likiondoka, springi nani atazihesabu? Nimewaambia mimi mzee, mtihani umenichosha, mgongo ndio kwanza umepata raha, wanipe dakika. Wamenishika kwapa huku na huku, kwa adabu. Nimejifanya mzito. Godoro limeinuka kidogo, na mimi juu yake, limerudi chini.

Bi Mkasi amekuja kukaa kushoto kwangu. Springi zimelia zote, fupi na ndefu. Wapakizi wametazamana.

Sasa binti yangu ameinuka kule chini. Anakuja. Nywele zimejaa nyuzi za sponji. Anafuta mikono kwenye gauni, shavu amelitia ndani, halafu hakuweza kulishikilia, amecheka! Mbele ya wakubwa! Kaniambia, "Sogea, Baba." Nimesogea. Tuko watatu.

Mama wa mazingira amevuta kiti. Amekaa mbele yetu, kafungua kalamu, anaandika kuliko mimi.

Bwana Faili amechuchumaa mbele yangu. Sauti imekuwa ndogo. Anasema mzee wangu, tafadhali, inuka tu, mengine tutazungumza.

Nimemwambia asubiri namalizia mstari